Watoto wa miaka 10 hadi 12: kazi za nyumbani wanazijua, lakini kitu kikigoma wanaganda. Naanzia wapi?

Mama Wawili – Tabata

Habari za jioni wadau. Naomba msaada wa walimu, mafundi na yeyote anayelijua jambo hili kwa undani.

Nina wawili, mmoja miaka 10, mwingine 12. Siulizii orodha ya kazi za nyumbani. Vyombo wanaosha, wanafagia, wanatumwa dukani, wali wa kawaida mkubwa anapika. Shida ni pale mambo yanapotoka nje ya mstari. Umeme ukiisha na namba za LUKU zipo kwenye simu mezani, wanakaa gizani wananisubiri. Chenji ikipungua wanaileta hivyo hivyo nyumbani. Kifungo cha shati la shule kikikatika jioni, nakijua asubuhi saa kumi na mbili gari la shule likiwa getini. Ufunguo ukigoma kwenye kufuli, kinachofuata ni "Mamaaa!"

Nataka kujua mambo matatu. Kwanza, naanza na matatizo gani na kwa mpangilio upi. Pili, mtoto akija na "imegoma", mimi niseme nini hasa, maana nikijibu nakuwa nimeshatatua mimi. Tatu, mipaka: wapi aguse mwenyewe na wapi akae mbali, hasa umeme, gesi na barabara.

"Watoto wa siku hizi" tumeshazisikia, tafadhali tuziruke.

---

Mwalimu wa Zamu

Dada, swali lako umelipanga vizuri kwa sababu umeshatenganisha vitu viwili ambavyo wazazi wengi huvichanganya. Kazi ni jambo lenye hatua ambazo mtoto ameshaambiwa. Tatizo ni pale hatua hizo zinapokataa. Mtoto anaweza kuosha vyombo miaka mitano asijifunze hata chembe ya kutatua, kwa sababu sabuni ikiisha mtu mzima ndiye anayefikiri.

Nianze na lile la pili, ndilo linalobeba mengine. Akija na "imegoma", mfundishe kwamba ripoti hiyo haipokelewi. Ripoti inayopokelewa ina vipande vitatu: nini hasa kinatokea, nimejaribu nini, na nadhani sababu ni nini. "Tochi haiwaki, nimebonyeza mara mbili, nadhani betri zimeisha." Hata kama dhana yake si sahihi, ipokee. Unachofundisha ni kuwa na dhana.

Wewe maneno yako yawe machache:

"Niambie umeona nini."
"Mara ya mwisho kilipofanya kazi kulikuwa na tofauti gani na sasa?"
"Unaweza kujaribu nini ambacho kikishindikana hakitaharibu zaidi?"

Kisha nyamaza. Hesabu kimya kimya hadi kumi. Hapo ndipo wazazi wengi wanaposhindwa, ukimya wa sekunde nne tu unawaunguza. Na angalia swali lenye jibu ndani yake. "Umeangalia betri?" si swali, umemwambia aangalie betri. Kesho akipata redio isiyoongea atakuja tena akuulize kama aangalie betri.

Sasa mazoezi. Usisubiri tatizo lije lenyewe, kwa kawaida litakuja asubuhi ya Jumatatu na hapo hakuna somo. Tengeneza hitilafu Jumamosi mchana. Chukua tochi ya betri mbili, geuza betri moja. Mwambie wazi: "Tochi hii nimeiharibu kwa makusudi, una dakika 15, hakuna kitu ndani yake kitakachokuumiza." Umwambie kuwa ni makusudi, la sivyo utamfundisha kukushuku. Hitilafu iwe moja. Ukigeuza betri na papo hapo ukalegeza balbu, mtoto wa miaka 10 atapata ya kwanza, tochi haitawaka, ataamini alikosea na atarudisha betri ilivyokuwa.

Kwenye tochi hiyo hiyo ndipo anapojifunza kanuni itakayomsaidia maisha yote: badili kitu kimoja tu, jaribu, kisha ndipo uende kingine. Weka betri mpya, jaribu. Haiwaki? Angalia springi kama ina kutu, ikwangue kwa msasa, jaribu. Watoto hupenda kubadili vyote kwa pamoja. Tochi ikiwaka hawajui kilichokuwa kibovu ni kipi, na betri nzima inatupwa.

Kwa mpangilio, fuata gharama ya kukosea, ndogo kwanza. Mwanzoni vitu visivyoweza kuumiza: tochi, kufuli, kifungo, zipu, begi lililokatika mkanda. Halafu vitu vya pesa na watu: duka, chenji, kuuliza njia. Halafu maji. Umeme na gesi mwishoni, na kwa sehemu tu. Jambo moja kwa wiki linatosha. Kila jambo lipite ngazi nne: unaonyesha huku unasema unachofikiri, mnafanya pamoja, anafanya wewe ukiwa umekaa karibu bila kushika kitu, kisha anafanya peke yake na kukuletea ripoti. Wazazi wengi hurukia kutoka ya kwanza hadi ya nne halafu wanasema mtoto ni mzito.

Kifungo, kwa kuwa umekitaja. Uzi wa sentimita 50 hivi, ukunje mara mbili, funga fundo. Njiti ya meno ilale juu ya kifungo, kati ya matundu, kisha shona ukipita juu yake, mara nne kila jozi ya matundu. Chomoa njiti, vuta kifungo juu, zungusha uzi chini yake mara tatu, malizia kwa fundo upande wa ndani. Wengi hubana kifungo kikagusa kitambaa. Hakiingii kwenye tundu, mtoto anakivuta kwa nguvu, kesho kimekatika tena. Ile njiti ndiyo dawa.

Kufuli linalogoma: ufunguo sahihi? Umeingia hadi mwisho? Bonyeza ule upinde ndani kidogo huku ukizungusha, maana mara nyingi ni upinde unaovutwa na mlango ndio unaobana. Kisha risasi ya penseli, isage, pakaa kwenye meno ya ufunguo, ingiza na utoe mara kadhaa. Mafuta ya kula hapana, hunasa vumbi na baada ya muda kufuli linakwama moja kwa moja. Kikomo: ufunguo ukianza kupinda, acha. Ufunguo uliokatikia ndani ni kazi ya fundi.

---

Fundi Koki na Nyaya

Mwalimu kamaliza upande wa kichwa, mimi niongeze mikono. Nakubali umeme uwe mwishoni, lakini kuna sehemu yake ambayo mtoto wa miaka 11 anaiweza bila kugusa waya wowote.

Umeme umekatika. Afuate mpangilio huu, na usibadilishwe:

Kwanza achungulie nje. Jirani ana umeme? Kama mtaa mzima uko gizani, kazi yake imeisha, azime pasi na majiko, abakize taa moja ya kumjulisha umeme ukirudi.

Jirani anao: aangalie mita, uniti zimebaki ngapi. Zikiwa sifuri, aingize namba. Namba za LUKU ni tarakimu 20. Aziandike kwenye karatasi kwa mafungu ya nne nne, mafungu matano, kisha asome karatasi na si simu, kwa sababu simu hujizima katikati na akianza upya anachanganya. Kabla ya kuingiza alinganishe namba ya mita iliyo kwenye ujumbe na ile iliyobandikwa kwenye mita. Umeme ulionunuliwa kwa mita ya nyumba nyingine utakataliwa hata aingize mara mia. Mita ikikataa, mara nyingi ni tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, asome tena kwa sauti huku mwenzake akifuata kwenye karatasi. Ikikataa kwa kusema imeshatumika, basi kuna mtu ameshaingiza, aangalie uniti tena. Kwa nyumba yenye mita nje kwenye nguzo na rimoti ndani, kioo kikiwa cheupe kabisa tatizo huwa ni rimoti yenyewe: zipo zinazotumia betri na zipo zinazochomekwa kwenye soketi. Mwonyeshe yenu ni ipi leo, kabla ya giza.

Uniti zipo, jirani ana umeme: aangalie breka. Ikiwa imeshuka, achomoe kitu cha mwisho kilichowashwa, hasa pasi, hita ya maji au jagi la umeme. Mikono mikavu, viatu miguuni, sakafu kavu. Apandishe breka mara moja. Ikishuka tena, ndio kikomo. Breka haijaharibika, inafanya kazi yake: inasema kuna mahali umeme unavuja au unazidi. Anayeipandisha mara tano anabishana na kitu kinachomlinda.

Vikomo vingine visivyo na mjadala: harufu ya plastiki inayoungua, mlio wa kuchemka kwenye soketi, maji karibu na soketi, waya ulioanguka barabarani (akae mbali mita 10 au zaidi, azuie wenzake wasipite, aite mtu mzima). Mtu aliyenaswa na umeme asiguswe kamwe. Azime swichi kuu, apige kelele ya msaada. Kwa hiyo swichi kuu aijue ilipo hata akiwa amefumba macho, na aifikie. Kama iko juu sana, kistuli cha mbao kikae karibu daima.

Maji sasa, hapa mtoto anaweza mengi zaidi. Bomba halitoi: mabomba mengine ya nyumba yanatoa? Yote hayatoi, tatizo liko nyuma, yaani tangi tupu au koki ya tangi imefungwa. Moja tu halitoi, tatizo liko kwenye hilo. Swali hilo moja la "moja au yote?" linakata kazi nusu, na halifanyi kazi kwa maji tu. Soketi moja au zote? Simu yangu tu haina mtandao au na ya jirani? Bomba moja linalotoa kidogo kidogo: kichujio cha mdomoni kinafunguka kwa mkono, kinaoshwa kwa mswaki wa zamani. Mchanga wa visima vya Dar unavijaza haraka.

Bomba limepasuka au linamwaga: afunge koki kuu, mazungumzo baadaye. Koki ya gurudumu hufungwa kwa kuzungusha kuelekea kulia. Ile ya mkono mfupi, mkono ukilala sambamba na bomba iko wazi, ukikaa kama msalaba imefungwa. Mpe zoezi: "Koki kuu, sekunde 60, nenda." Koki isiyoguswa mwaka mzima hukwama, kwa hiyo zoezi linaisaidia na koki.

Sinki limeziba: ndoo chini ya ule mpindo wa bomba, azungushe zile nati kubwa za plastiki kwa mkono kuelekea kushoto, atoe uchafu kwa kijiti, arudishe. Kinachokosewa ni mpira mweusi wa duara. Wanaupoteza au wanaugeuza, maji yanavuja usiku kucha. Apige picha kabla ya kufungua. Kikomo: kama kuna mtu ameshamimina dawa ya kuzibulia, asiguse, dawa hiyo inachoma ngozi na macho.

---

Bint Kilindini

Hamjambo. Niko Mombasa, huku twasema stima na tokeni, lakini vichwa vya watoto ni vile vile. Nichangie upande wa watu, kwa maana mtoto anaweza akajua kupandisha breka na bado akamwogopa muuza duka.

Chenji. Hesabu ifanywe nyumbani, isiwe dirishani. Aandike: nimebeba 10,000, vitu ni 6,800, nirudi na 3,200. Karatasi hiyo ashike mkononi. Akipewa, ahesabu hapo hapo kabla hajaondoka hatua moja. Zikipungua, asiseme "umenipunja". Aseme namba: "Samahani mama, nimekupa elfu kumi, vitu ni elfu sita mia nane, chenji yangu ni elfu tatu mia mbili. Hizi ni elfu mbili mia mbili." Mtu mzima aliyekosea kweli akisikia namba atarekebisha bila kuona haya. Akiambiwa amepunja, atatetea heshima yake na mtoto atashindwa. Mfanyie mazoezi mezani, wewe ukiwa muuza duka mkali. Usiwe mpole, wenye maduka hawatakuwa wapole.

Adabu na kudai haki yake vyaenda pamoja. Watoto wetu wengi wafikiri shikamoo yamaanisha kukubali kila kitu. Aamkie, kisha adai chenji yake.

Na kama hakuna chenji? Apewe njia tatu tayari: achukue kitu kingine kilichomo kwenye orodha ya nyumbani, au aache jina na kiasi viandikwe daftarini mbele yake, au arudishe bidhaa achukue pesa yake. Peremende na viberiti badala ya chenji akatae. Kitu alichotumwa kikikosekana, kabla hajatoka mpe ruhusa yake: "sukari ikikosekana, duka la pili, ikikosekana na huko, rudi." Asiyepewa ruhusa huzunguka maduka sita au hurudi mikono mitupu kutoka la kwanza.

Kupitishwa kituo. Jambo la kwanza si kuruka. Akae, avute pumzi, ashuke kituo kinachofuata chenye watu, si pale konda atakaposimamisha njiani kwa huruma. Avuke panapovukwa, apande linalorudi. Mfundishe kusoma maandishi ya mbele ya gari ncha zote mbili, kwani gari la njia hiyo hiyo laenda na larudi, na watoto hupanda lililo sahihi likielekea kusikokuwa. Nauli ya akiba ikae peke yake, mfuko wa ndani wa begi, na isiguswe kwa andazi.

Kuuliza njia, kanuni ni moja: yeye ndiye amchague wa kumuuliza, asichaguliwe. Aende kwa mama anayeuza vitu pale kila siku, kwa konda aliyeko kazini, kwa askari. Anayekuja mwenyewe na "mtoto umepotea, njoo nikupeleke" hafuatwi, hata akitaja jina la mama. Aulize watu wawili wasiokaa pamoja, majibu yakilingana aende.

Namba mbili za simu azikariri, zote kumi tarakimu kwa tarakimu. Watoto wajua kuibonyeza picha ya mama kwenye simu, simu ikipotea hawajui lolote. Na 116, simu ya msaada kwa mtoto, yapigika bila malipo Kenya na Tanzania pia. Hiyo aijue mtoto mwenyewe, si mzazi peke yake.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nimesoma kimya nikisubiri gesi. Naona fundi kaikwepa, kwa hiyo naibeba.

Miaka 10 hadi 12, kuwasha jiko la gesi ni sawa akishapita zile ngazi nne za mwalimu. Kubadilisha mtungi, hapana. Kwa jiko la kiberiti: njiti iwake kwanza, ndipo kitufe kifunguliwe. Wanaofungua gesi kisha wakaanza kutafuta kiberiti ndio tunaowaona wakiwa wameungua nyusi na mikono. Haikuwaka ndani ya sekunde tano, afunge, asubiri dakika mbili, ajaribu tena mara moja. Moto uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na masufuria yanaota masizi, matundu ya jiko yameziba, yasafishwe jiko likiwa limepoa.

Akisikia harufu ya gesi: swichi yoyote isiguswe, ya kuwasha wala ya kuzima. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatuama chini sakafuni, kwa hiyo milango ifunguliwe wazi hadi chini, dirisha la juu peke yake halitoshi. Kama anafikia kichwa cha mtungi bila kupita kwenye moto, akifunge. Atoke na wadogo zake. Simu apige akiwa nje. Zimamoto kwa Tanzania ni 114.

Jiko la mkaa halilali ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa baridi, hata kama mkaa umeshaiva na hauna moshi. Hewa yake ya sumu haina harufu.

Kuungua: maji ya bomba yanayotiririka, ya kawaida si ya barafu, dakika 20. Mtoto ataacha baada ya dakika mbili kwa sababu maumivu yamepungua, mwekee saa. Pete na bangili zivuliwe mapema kabla hapajavimba. Dawa ya meno, yai, unga, mafuta, vyote hapana, tunalazimika kuvikwangua kidondani. Lengelenge lisitobolewe. Kikomo: uso, kiganja, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, hospitali.

Damu ya pua: akae, ainame mbele, abane ile sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachia kuchungulia. Kulaza kichwa nyuma kunapeleka damu tumboni na kumtapisha.

Kuhara kwa mdogo wake: ORS ya pakiti kwanza, na asome pakiti inataka lita ngapi. Pakiti hakuna, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu, si vya kilima. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto mchanga, kwa hiyo hili achanganye mbele ya mtu mzima hadi uhakikishe mkono wake. Mdogo akilegea, akitapika kila anachokunywa au kukiwa na damu kwenye choo, hakuna kutatua tena nyumbani.

---

Mama Wawili – Tabata

Jamani, asanteni sana. Nimeshanakili hili la "moja au yote" na la kumchagua wa kumuuliza.

Mawili yamebaki. Akisahau daftari nyumbani na mwalimu anamsubiri, nimpelekee au nimwache? Na yule wa miaka 10 akishindwa mara ya kwanza analia na kuitupa kazi. Wa 12 ana baiskeli, pancha kila mara ni fundi wa kona. Hilo ni la umri wake?

---

Mwalimu wa Zamu

La daftari: usipeleke, lakini ongea na mwalimu wake kwanza. Wanaoandika kwamba mwache aone matokeo husahau kuuliza matokeo hayo ni yapi. Kama ni kuandika upya kazi wakati wa mapumziko, sawa kabisa. Kama ni fimbo, mtoto atajifunza kuficha kwamba amesahau. Tafuta makubaliano: nafasi moja kwa muhula unampelekea bila lawama, baada ya hapo ni juu yake. Halafu tatizo lenyewe litatuliwe na yeye. Muulize daftari hupotelea wapi kati ya meza na begi. Mara nyingi jibu ni kwamba begi hupangwa asubuhi. Ratiba ibandikwe ukutani juu ya begi, begi lipangwe baada ya chakula cha usiku, lifungwe zipu na lisifunguliwe tena. Wiki mbili za kwanza uliza "begi limefungwa?" na si "umeweka daftari la hesabu?"

La kulia: kazi uliyompa ina hatua nyingi kuliko anazoweza kushika. Ikate, na wewe ufanye za mwanzo, umwachie ya mwisho. Kwenye kifungo, wewe shona, yeye azungushe uzi na kufunga fundo. Kesho umwachie hatua mbili za mwisho. Akianzia mwisho kila mara anaondoka na kifungo kilichokamilika mkononi. Akilia, pumziko la dakika kumi, kazi ibaki mezani pale pale ilipo. Usimalizie yeye akiwa hayupo! Akirudi akaikuta imekwisha, amejifunza kwamba kilio ni kifaa kama koleo.

Namwachia fundi baiskeli.

---

Fundi Koki na Nyaya

Pancha ni ya umri wake kabisa, na kwangu ni somo bora kuliko yote tuliyoandika hapa, kwa sababu ina uchunguzi, ushahidi na marekebisho, na akikosea hasara ni kiraka.

Vifaa: miiko miwili ya plastiki ya kutolea tairi (mpini wa kijiko hufaa, bisibisi hapana, inatoboa tyubu upya), msasa, solusheni, viraka, pampu, karai la maji, chaki.

Kabla hajavua kitu, ajaze upepo na aweke tone la mate mdomoni mwa vali. Povu likitoka, hapana pancha, ni vali. Hapo ameokoa nusu saa.

Hakuna povu: avue upande mmoja tu wa tairi, aanzie mbali na vali, atoe tyubu. Ajaze upepo hadi inenepe kidogo, aizamishe kipande kwa kipande karaini. Mapovu yakionekana aweke alama ya chaki baada ya kukausha, na aendelee kuzungusha hadi mwisho, matundu yanaweza kuwa mawili. Matundu mawili yaliyo sambamba kama jicho na jicho ni dalili tyubu ilibanwa na rimu, yaani alipita shimo upepo ukiwa mdogo. Tundu moja upande wa nje ni mwiba au msumari. Upande wa ndani, kichwa cha spoki. Tundu lenyewe linamwambia kilichotokea, mwache alisome kabla hujasema.

Akwangue kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka hadi ng'ao iishe. Solusheni nyembamba, asubiri dakika tano hadi isinate kwenye kidole. Hapa wote wanakosea: wanabandika ikiwa mbichi, kiraka kinateleza na kubanduka kesho. Abandike, akandamize dakika mbili kuanzia katikati kwenda pembeni.

Kabla ya kurudisha, apitishe kitambaa ndani ya tairi lote, si kidole kitupu. Kitambaa kitanasa pale mwiba ulipo. Asipoutoa, atatoboa kiraka chake mwenyewe kabla hajafika getini, kisha atasema solusheni ni feki.

Tairi arudishe kwa viganja, vijiko hapana, akimalizia penye vali, na aisukume vali ndani kidogo ili tyubu isibanwe chini ya ukingo. Ajaze nusu, azungushe gurudumu akiangalia kama tairi limekaa sawa pande zote, ndipo ajaze yote. Ikilala usiku na asubuhi iko laini, arudie tone la mate kwanza.